Chumba Chembamba cha Tajiri wa Lulu

Shikamoo Bibi. Joto la Dubai limenikausha kama papa aliyeanikwa.

Leo nimezuru nyumba ya karne ya kumi na tisa ya tajiri wa lulu. Ina mnara unaonasa upepo na kuushusha chumbani, lakini vyumba ni vyembamba kama chako hapo Lamu! Mlinzi, kijana wa Kitale, akaninong'oneza, "Dada, tajiri mzima, mbona alikuwa bahili hivi?"

Nikatazama dari: boriti za mikoko kama za chumba chako, zilizotoka pwani yetu. Boriti inapoishia, ndipo ukuta uliposimama.

Bibi, miaka yote unamwita marehemu Babu bahili kwa kukujengea chumba chembamba. Ukimsomea Yasini Ijumaa hii, mwombe radhi. Alikupa mti mzima.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwanaisha