Usiingoje Dawa Yangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka na umekula. Mimi ni mzima, ni baridi ya huku Uingereza tu inayonitafuna vidole. Ila leo siandiki kwa ajili ya salamu. Naandika nikiwa na hasira, na aliyenitia hasira ni Masanja, huyo mdogo wangu anayekusomea.

Masanja, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mstari na usiongeze chumvi. Shangazi wa Butimba ameniandikia kila kitu. Anasema barua yangu iliyopita uliisoma uani mbele ya majirani, na ulipofika kwenye habari za kazi yangu ya maabara ukaanza kutunga yako: Kabula amegundua dawa ya kisukari, anaileta mwenyewe, mama hatachomwa sindano tena. Watu wakapiga vigelegele, nawe ukavimba kichwa. Tangu siku hiyo mama amekataa sindano, na wewe hujapanda kivuko kwenda Mwanza kununua insulini. Ya nini, wakati dawa ya dada iko njiani? Sasa kidole chake cha mguu kimekuwa cheusi. Ulikiona ukanyamaza, maana ungesema ungeonekana mwongo. Mpumbavu mkubwa wewe.

Mama, acha nikueleze mwenyewe. Ninachotengeneza ni jeli, kitu laini chenye utelezi kama mlenda, kinachonyonya maji. Ndani yake tunafungia insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, jeli inavimba na kuiachia insulini kidogo kidogo. Sukari ikishuka, inasinyaa na kuizuia. Ndivyo tunavyotaka iwe. Kwenye chupa inatii, mwilini haitii. Juzi niliiweka chini ya ngozi ya panya mwenye kisukari. Ilivimba vizuri, halafu ikakataa kusinyaa, ikamwaga insulini yote, sukari ikashuka kupita kiasi. Panya akatetemeka, akalala ubavu, akafa huku namtazama. Ningekuwa nimekuletea, mama, ungekufa hivyo hivyo.

Nilipopata barua ya shangazi nilikwenda kwa profesa wangu, nikamweleza habari zako, nikamsihi aniambie dawa itakuwa tayari lini. Akaniuliza una umri gani. Nikamwambia. Akageukia tena karatasi zake, akasema, "Basi hiyo si kwa ajili yake." Nilimchukia, na mpaka leo namchukia, lakini hakunidanganya.

Kwa hiyo sikiliza, mama, hata kama sauti inamkauka msomaji wako. Dawa yangu haitakukuta hai. Rudi kwenye sindano leo hii. Nenda hospitali ukawaonyeshe hicho kidole, na wakisema kikatwe, waache wakikate.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, na bibi mzaa baba, kama bado anaweza kusikia. Yule jirani aliyepiga vigelegele usimsalimie.

Nakala ya barua hii nimempelekea shangazi. Atavuka Jumapili aje akusomee ya kwake. Masanja, maneno yasipofanana, usiniite dada tena.

Mama, nakuomba, kubali kuchomwa. Kesho narudi maabara, nikaendelee kutengeneza dawa ya mama za watu wengine.

Ni mimi binti yako,
Kabula