Wimbo wa Pasaka Kwenye Kaburi Bichi

Mjukuu wangu Wafula,

Nina miaka themanini na mbili, nimezika rika langu lote, na bado nalima mwenyewe hapa Kitale. Nyanya yako hajambo. Lakini mama yako amenisomea ujumbe wako wa simu, nimekasirika! Ati Pasaka ni likizo ya kulala tu, Krismasi inatosha? Nani amekudanganya?

Nikiwa kijana kule Bokoli, tulimzika mama yangu Jumamosi, kesho yake Pasaka. Alfajiri waimbaji wa kanisa walipita kila boma na ngoma, kama desturi. Walipoona kaburi bichi wakanyamaza, wapite polepole kwa heshima ya matanga. Kukhu, aliyemzaa mama, akatoka akawafokea: "Nyinyi! Kwa wenye kucheka mnaimba, hapa mnanyamaza? Kama Yesu hakutoka kaburini, basi nyamazeni kote!"

Nikanyakua ngoma, nikaipiga kuliko kijana yeyote wa Bokoli. Kukhu akaimba huku analia, wote wakafuata. Hapo ndipo nilijua nitamwona mama tena. Krismasi peke yake ingenipa tumaini hilo?

Ukibisha, muulize dada yangu mdogo Nasimiyu, yuko Kanduyi. Yeye ndiye alikuwa amemshika Kukhu mkono.

Ni mimi babu yako.