Nilimpunguzia Kilo Binti wa Kaka Yangu Mbele ya Rubani

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa sina pa kuuweka uso, nisaidie kabla Ijumaa ya wiki ijayo haijafika, maana ikifika sijajua la kufanya nitakuwa nimempoteza mtoto huku tukilala nyumba moja.

Mimi ni mama mtu mzima, nafanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa chetu, na usidhani ni uwanja wa kuringia, ni chumba kimoja chenye benchi, feni inayonguruma na kidirisha ambacho karani anakaa nyuma yake, na ndege yenyewe ni ndogo kiasi kwamba kila abiria lazima apande kwenye mizani yeye na begi lake, mimi nasoma namba, naitaja, karani anaandika, halafu rubani anapewa karatasi ajue nani akae mbele na nani nyuma ili ndege isielemee upande mmoja. Naitaja kwa sauti ya juu kwa sababu ya ile feni, na kwa sababu karani wetu masikio yake yamezeeka kabla ya mwenyewe, na miaka yote hii watu wanacheka tu, akipanda mwanamume mwenye kitambi namuuliza, "Baba, leo umekunywa chai ya mawe?" benchi zima linaangua kicheko na yeye anacheka, basi mimi nikajua hakuna anayeumia.

Sasa nyumbani tunaishi watatu, mimi, mama yangu mzazi, na binti wa kaka yangu, ambaye wazazi wake wako mbali kikazi wakaniachia tangu anatambaa. Tunamwita Wakili, maana tangu alipojua kusema hajawahi kukubali neno bila ushahidi, ukimwambia kaoge anakuuliza uchafu uko wapi auone. Ana miaka kumi na minne na nampenda kuliko ninavyoweza kuandika, lakini mshauri, amenenepa, si ule unene wa mashavu ya utoto, amenenepa mpaka akipanda ngazi za shule anasimama katikati anajifanya anafunga kamba za viatu, nimemwona kwa macho yangu. Na hayuko peke yake, nusu ya darasa lao wako hivyo, kwa sababu huku kisiwani mboga na matunda huletwa kwa boti, yakifika yenyewe yamelala lakini bei imesimama, ila biskuti, soda na tambi za pakiti haziozi, ziko kila duka. Na zamani sisi tulikuwa tunakimbia kwenye huu huu uwanja wa ndege, ndiyo ardhi tambarare pekee tuliyo nayo, siku hizi umezungushiwa waya na ufunguo wa geti ninao mimi, ndege ya mwisho ikiondoka nafunga naenda zangu, watoto wanabaki vibarazani na simu.

Na nikisema ukweli wote, anayembebea ni mimi. Kwenye uwanja kuna kibanda cha kuuzia abiria vitafunwa, basi kila jioni narudi na mfuko, kripsi, keki za pakiti, soda baridi, akisikia viatu vyangu anakuja mbio mlangoni, na ile mbio yake ilikuwa ndiyo mshahara wangu. Nesi wa zahanati aliniita akaniambia, "Dada, presha na sukari siku hizi hazisubiri mtu azeeke, mlete mtoto tumfuatilie," nami nikamcheka, nikamwambia ukoo wetu una mifupa mikubwa, na mama yangu nyumbani akasema mtoto mnene ni mtoto aliyelelewa, tukaliacha hapo.

Kumbe makubwa yako mbele. Timu ya mdahalo ya shule yao ilichaguliwa kwenda kushindana kisiwa cha pili, na Wakili ndiye msemaji wao mkuu, hakuna mtu mwingine. Wakaja uwanjani wamejipanga na sare zao, mimi niko kwenye mizani, nasoma namba ya mtoto mmoja mmoja naitaja kama kawaida, wenzake wanataniana, mpaka ikafika zamu yake. Alipanda akaniangalia. Namba ilikuwa kubwa, mshauri, ilimpita hata mwalimu wao wa kiume, nikaangalia chini nikataja namba nyingine, nikampunguzia kilo ishirini nzima, karani akaandika. Sikuwaza ndege, niliwaza vile vicheko vya benchi. Lakini rubani wetu ana macho ya muuza nyama, akikutazama tu ameshakupima, akaangalia karatasi, akawaangalia watoto, akaniambia mbele ya wote, "Mama, huyu msome tena." Ikabidi apande mara ya pili, na safari hii nikataja ile yenyewe, kwa sauti, kwa kuwa karani aliniuliza "Ngapi?" mara mbili. Mvulana mmoja akasema afadhali wengine tupande boti, wakacheka.

Walikwenda na walishinda, Wakili alinyakua zawadi ya msemaji bora, lakini alirudi bila furaha. Nilimwekea soda mezani hakuigusa, nikamwambia asiwajali wenzake, ndipo akaniambia maneno ambayo tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Alisema, "Shangazi, kilo zangu nilikuwa nazijua, nesi alishanipima shuleni. Wenzangu walizicheka. Wewe ulizionea aibu. Bora wao."

Sasa fainali ni hiyo Ijumaa ya wiki ijayo, hukohuko, kwa ndege hiyohiyo, na amemwambia mwalimu atafutwe mtu mwingine. Na si hilo tu, asubuhi anakunywa maji matupu, mchana nimegundua anagawa chakula chake, juzi alitoka bafuni ameshika ukuta, kizunguzungu. Mama yangu ananilaumu kwamba mtoto anakonda kwa huzuni nimpikie vinono, nesi naona haya kurudi kwake, mwalimu anataka jibu. Nimefikiria siku hiyo nibadilishane zamu na mwenzangu ili nisiwe pale kwenye mizani, je, nifanye hivyo? Nimlazimishe aende? Nimwanzishie chakula chake cha kupunguza mwili, apikiwe peke yake? Naomba unijibu haraka, hata kwa ukali.

Ni mimi, Shangazi wa Mizani.

MSHAURI ANAJIBU

Shangazi wa Mizani, pole mama. Barua yako imeruka foleni, wale ndugu wawili wanaogombea redio ya baba yao watanisubiri. Nimeisoma mara mbili na nimekuhurumia mara zote mbili. Huruma yako umeshaipata, sasa kaa vizuri nikugombeze, maana mwenyewe umeomba ukali.

Kwanza, ndege. Ndege haimjui shangazi wala haijui kuona haya. Wewe umekabidhiwa roho za watu, na siku ile ulizipunja kwa sababu ya mapenzi. Rubani asingekuwa na hayo macho yake ya muuza nyama, ungekuwa unaniandikia barua nyingine, au usingeandika kabisa. Nenda kamwombe radhi, na usirudie hata kama anayepimwa ni mama yako mzazi.

Pili, unanisimulia kicheko cha benchi kama vile kimeshuka na mvua. Mama, kicheko hicho ni wewe uliyekifuga. "Chai ya mawe" uliwapikia wewe, miaka yote, na yule mvulana alikuwa anafuata mwenendo wa nyumba aliyoikuta. Unadhani wale wanaume wenye vitambi walikuwa wanafurahi? Waangalie vizuri kesho wanavyovuta tumbo ndani kabla ya kupanda. Na sheria ya kupaza sauti nani kaitunga? Umefanya kazi miaka yote ukishindana na feni! Igeuze mizani, uso wake ukuangalie wewe na ukuta. Andika namba kwenye kikaratasi, umpe karani mkononi. Yeye haoni vibaya, hasikii tu. Mwambie mkuu wako leo, akikataa niandikie, huyo nitamjibu bure.

Sasa Wakili. Nimempenda huyo mtoto, na alichokuambia ni kweli tupu. Mwenzake akicheka anaweza kumnunia wakapatana kesho. Lakini anayempenda kuliko wote alipoangalia chini, alielewa kwamba yeye ni kitu cha kufichwa. Ulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hakuna msichana wa miaka kumi na minne asiyejua tofauti ya chupa na kiganja. Mwendee leo, bila sahani mkononi. Usimwambie "wewe si mnene," huyo ni wakili, atakudai ushahidi na huna. Mwambie, "Niliona haya, na kosa lilikuwa langu, si la mwili wako. Nisamehe." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kutakuwa kazi kubwa kuliko zote nilizokupa.

Kuhusu kula. Sikiliza kwa makini, maana hapa sitanii. Mtoto anayekunywa maji matupu, anagawa chakula na kutoka bafuni ameshika ukuta hapungui mwili, anaugua. Usisubiri Ijumaa, mpeleke kwa yule nesi kesho asubuhi na umweleze yote, pamoja na kizunguzungu. Haya zako ziache mlangoni. Mifupa mikubwa! Mifupa hainywi soda, mama. Mficha maradhi kilio humuumbua, na nesi alikuambia mapema, kwa upole, bila kupaza sauti kama wewe.

Usithubutu kumpikia peke yake. Sufuria ya mtu mmoja ndani ya nyumba ni sufuria ya adhabu. Mnaopika upya ni nyumba nzima: soda zitoke kwa wote, mafuta yapungue kwa wote, mboga iliyolala kwenye boti ikiingia chungu kimoja na maharage inaamka vizuri tu, na samaki si lazima kila siku aogelee kwenye mafuta, alishaogelea vya kutosha. Panda majani yako kwenye ndoo mbovu uani. Mpe mama yako shikamoo yangu, kisha umnyang'anye kopo la maziwa ya sukari, maana nina hakika lipo, na umwambie kulea si kujaza. Mtoto ale asubuhi, mchana na jioni, ashibe, na mtu yeyote asimhesabie matonge.

Na ule mfuko wa jioni, acha. Najua unaogopa, mkono mtupu haulambwi, utarudi bila kitu na hatakuja mbio mlangoni. Siku za mwanzo pengine hatakuja, na itakuuma. Lakini hebu niambie, alipokuwa mdogo hajui kripsi ni nini, hakuwa anakuja? Alikuwa anazikimbilia keki, au alikuwa anakimbilia viatu vyako?

Badala ya mfuko una kitu kingine mfukoni, na nimeshangaa umeniandikia mwenyewe bila kukiona. Unalia watoto hawana pa kukimbia, na ufunguo wa ardhi tambarare pekee ya kisiwa kizima unaning'inia kwenye pochi yako. Mwombe mkuu wako ruhusa, ndege ya mwisho ikishaondoka na anga kufungwa, geti lifunguliwe watoto wacheze mpaka magharibi, wewe ukiwa msimamizi. Na usimamie kwa miguu, si kwa kiti. Wote waje, wanene kwa wembamba, asiitwe mtu "kupunguza." Na yule mvulana wa boti aje pia, akimbizwe mpaka aombe maji.

Ijumaa usibadilishane zamu. Ukikimbia, atakuta mtu mwingine kwenye mizani na atajua umeangalia chini mara ya pili, safari hii kutokea nyumbani. Wala usimlazimishe kwenda. Mwambie mambo ya mizani ulivyoyabadilisha, mwambie nafasi bado ni yake nesi akisema yuko sawa kusafiri, na uamuzi ni wake. Mtu aliyezaliwa kubishana hapendi kuwaachia wengine hoja ya mwisho, lakini akikataa, amekataa, na bado ni mtoto wako.

Limebaki moja. Katika barua yako yote umenigusia kilo za mwalimu, za watoto na za wanaume wa benchi. Zako sijaziona. Umesimama kando ya mizani hiyo nusu ya maisha yako, na naweka rehani kalamu yangu kwamba hujawahi kuikanyaga. Basi kabla ya hiyo Ijumaa, jioni moja abiria wakishaondoka, nenda na Wakili, feni ikiwa imezimwa. Vua viatu upande wewe, yeye ndiye asome. Asome kwa sauti akitaka. Hutakufa, na akikuuliza kama umekunywa chai ya mawe, jibu utakuwa nalo.

Na akija kwenye foleni ile asubuhi na sare yake, soma namba iliyopo, uiandike ilivyo, umpe karani. Halafu inua uso, umwangalie binti wa kaka yako machoni, umwambie, "Nenda kawashinde."