Duara Lililokosekana

Gulwe
14 Septemba 1993

Kaka Nikodemo,

Shikamoo. Mimi mzima. Watoto wazima, Ritha tu anakohoa. Wifi na waumini wako hapo Mvumi hawajambo? Mguu umepona?

Kazi bado ni ile ya mradi, kubeba mawe ya kuziba makorongo. Mgongo unauma, nimezoea.

Mwezi wa saba walikuja wataalamu wa chuo, mkubwa wao dada mmoja, Aneth. Wanataka kujua kwa nini mlima umekuwa kipara na udongo unashuka mpaka relini. Wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza tunapikia kuni kiasi gani. Wakapima mizigo yetu kwa mizani. Halafu wakabandika karatasi kubwa ofisi ya kijiji. Duara la watu, la miti, la mbuzi, la maji, na mishale katikati. Aneth akasema ukigusa moja, yote yanatikisika. Nilimwelewa haraka. Alipokufa mume wangu Batholomeo hata kuku walibadilika.

Sasa hesabu yao ikagoma. Miti inayoisha ni mingi kuliko kuni tulizotaja. Iliyozidi wakawabebesha mbuzi. Mwenyekiti akaitisha kikao, akatangaza mbuzi wote watoke kijijini kabla ya mvua. Mimi ninao saba, ndio maziwa ya watoto, sina kingine. Mzee Cornel akauliza kama mbuzi wa siku hizi wanatembea na shoka. Watu wakacheka, basi.

Mimi nilijua. Waliuliza kuni za kupikia, tukajibu za ugali. Za pombe hakuna aliyezitaja, maana pombe haipikwi jikoni. Inapikwa korongoni, pipa linachemka kutwa. Na tangu biashara iachiwe huru, wapishi wamefika kumi na mmoja.

Nikasimama na vumbi langu la mawe. Nikamwambia Aneth duara moja limekosekana, la pombe. Pipa moja linakula mizigo mitatu, na mzigo mmoja unanipikia ugali siku tatu. Akauliza nimejuaje. Wanawake wote wakaangalia chini.

"Napika mimi," nikasema. "Andika pipa langu."

Ndiyo hivyo, kaka. Siku ya kumzika Batholomeo nilikuahidi mbele ya watu kwamba nimeacha. Niliacha miezi miwili. Nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa watu wa treni.

Wenzangu nao wakajitaja, mmoja mmoja. Aneth akachora upya, hesabu ikakubali, mshale wa mbuzi ukawa mwembamba. Mbuzi wanabaki, ila tunawafunga bandani na kuwakatia majani. Na pombe tunapika kwa zamu kwenye jiko moja la udongo, nimelijenga mimi. Linakula mzigo mmoja. Wamepima wenyewe. Darasa la tatu mimi, na mtaalamu ananiita mwalimu.

Ukikasirika, kasirika, una haki. Lakini siku ile kikao kizima aliyeanza kusema kweli ni mimi, na aliyenilea ni wewe.

Wifi mpe salamu, na watoto wote mpaka yule mchanga.

Mdogo wako,
Evarista