Nilisema Ni Hirizi

Bonaya,

Salamu nitakupaje? Kukuuliza hali siwezi, na nikikwambia huku ni salama nitakuwa nimeianza barua kwa uongo, na uongo nimeshakufanyia wa kutosha. Basi nikuandikie hivi hivi. Ni mimi Noor, fundi cherehani, yule Msomali wako asiyekula samaki. Siku hizi nakula.

Mwezi wa tano huu tangu wakuue. Garissa imezidi kuwa mbaya. Watu wa nyikani, eti wanawalisha shifta, wale waasi wa porini, wameletwa wakarundikwa ndani ya uzio wa miiba, mifugo yao imebaki kufa huko nje. Kutoka ni kwa kibali, na jua likishuka uwe umerudi, la sivyo ni risasi. Shangazi yangu, yule aliyekuwa akiziba pua ukipita barazani na kambare wako, juzi kaniuliza kwa sauti ya chini kama najua pa kupata samaki. Nilitaka kucheka, wallahi. Nikajikuta nalia mbele ya wateja.

Siku ya kwanza ulipokuja dukani ulinikera sana. Nikakuonyesha uzi wa pamba, ukaguna. Nikakuonyesha mwingine, ukautupa mezani kana kwamba nimekupa mnyoo. Ukataka wa hariri, mwembamba kuliko wote nilio nao. Nikakuuliza unashona nini, kanzu ya harusi? Ukanijibu kwa uso mkavu: "Nashona inzi." Nikasema moyoni, huyu Mmunyoyaya wa mtoni jua limemwingia kichwani.

Ndipo ukafungua lile kopo la tumbaku. Ndoano ndogo ndogo, kila moja imevikwa manyoya na kuzungushiwa uzi, ikawa mdudu kabisa, bado kuruka tu. Ukaniambia ulijifunza ulipokuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga hema kwenye mito ya Mlima Kenya. Yeye akitumia manyoya ya ndege wa kwao. Wewe ulirudi nyumbani Tana ukatumia ya kanga na ya jogoo wa Habiba, mpaka jogoo akawa na shingo tupu na mkeo akanuna wiki nzima.

Ukanifundisha. Bana ndoano kwenye jiriwa. Paka uzi nta ya nyuki ndipo ushike. Singa za ngamia kwa kiwiliwili, halafu unyoya wa shingo ya jogoo, uuzungushe mara tatu tu, usimame kama ndevu. Fundo, kisha tone la vanishi. Seremala aliponinyima vanishi nikaona nitumie utomvu wa mgunga, nikajiona mjanja. Maji yakauyeyusha, inzi wangu wote wakavuka nguo mtoni. Na kichwani nilitia uzi mwingi kupita kiasi, kila mara, mazoea ya kushona vifungo vya suruali za askari. "Fundi," ulikuwa ukisema, "huyu si inzi, huyu ana kilemba."

Na kurusha je! Mkono usipite sikio. Ule mwanzi wako mrefu uupeleke nyuma, utulie mpaka mshipi unyooke wote nyuma yako, ndipo uulete mbele, na inzi atue juu ya maji taratibu. Mimi kutulia sikuweza. Ndoano ikaninasa kikoi kwa nyuma, ukacheka ukakaa kwenye tope, na mamba wako palepale ng'ambo wanatutazama. Sijawahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu wa damu kama nilivyokupenda siku ile.

Tuliificha, unakumbuka. Watu wako wangekucheka, mvuvi mwenye nyavu anarusha manyoya. Watu wangu wangesema Noor kaanza kula samaki, na mke wangu asingepata pa kuweka uso. Kopo ukalificha chini ya vitambaa vyangu. Mji mzima ukakujua kwa nyavu zako, na mimi peke yangu nikakujua kwa inzi. Ndiyo maana siku ile hapakuwa na mtu mwingine wa kukutetea.

Siku ile nilikuwa niende nawe. Vibali tulikuwa navyo wote wawili, mpaka adhuhuri. Lakini sajenti alikuwa ameniletea rundo la suruali za wenzake, anazitaka haraka, nikakwambia chukua kopo utangulie. Ukaniambia kwamba hapa chini maji yamekuwa tope, samaki hamwoni inzi, labda uvuke ile kona ya mto, kwenye mawe, kuna maji meupe. Kule kumepigwa marufuku, nikasema. Ukasema Habiba na watoto wana siku mbili wanakula mahindi ya kuchemsha bila kitu. Na mimi, badala ya kukushika mkono, nikainama kutunga uzi kwenye sindano.

Sajenti alikuja kabla ya adhuhuri. Barazani walikuwepo watu watatu wanangoja nguo zao. Akasema wamempiga shifta mmoja kule juu ya kona, wamemfukia hukohuko. Akasema jamaa alikuwa amesimama mtoni anapunga fimbo ndefu, nyuma, mbele, nyuma, mbele, anawaashiria wenzake walioko ng'ambo. Akaonyesha kwa mkono wake. Ya Rabbi, Bonaya, alionyesha vizuri. Mkono haukupita sikio.

Akaweka kopo juu ya cherehani yangu, akalifungua. "Fundi, wewe ndiye unayejua uzi. Hii ni kitu gani?"

Aliyekuwa juu kabisa ni wangu. Yule mwenye kilemba.

Nikikwambia sikufikiri, nitakuwa nakudanganya. Nilifikiri vizuri kabisa. Niliona nikisema ni inzi wa kuvulia, ataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, ataona hariri ileile iko rafuni nyuma yangu. Msomali, mwenye vitu vya shifta, anayeshonea askari na kusikia maneno yao. Nikaona hata mahali watakaponiweka.

"Sijui, afande," nikasema. "Inafanana na hirizi."

Yeye hakuwa amelitaja neno hilo. Ni mimi niliyemtilia mdomoni. Kama ningeishia kwenye sijui, pengine angemuuliza mtu mwingine, pengine yule Mzungu wa idara ya maji hapa mjini, na ukweli ungejulikana. Lakini nilimpa neno, akalipokea kwa furaha, uso ukamkunjuka. "Nilijua! Hirizi za kuzuia risasi!" Wakacheka, na wale watatu barazani wakacheka kwa woga, na mimi nikacheka. Nilicheka, Bonaya.

Alipoondoka nikachukua inzi wangu waliobaki nikawatia kwenye makaa ya pasi. Duka zima likanuka manyoya yaliyoungua.

Kesho yake akaja Habiba. "Fundi, umemsikia mwenzako?" Nikasema labda wamemshika, wanaume wengi wanashikwa siku hizi, watampeleka Wajir wamhoji, wamwachie. Akashika hilo. Kila wiki akawa anakuja, na kila wiki nikawa nampa kipande kingine: fulani karudi, fulani wamemwachia juzi. Idd ilipofika alikuja nimshonee nguo, akataka kitambaa cha rangi iliyopoa. Mimi, kwa kujipendekeza, nikamwambia chukua cha njano shemeji, ujipake na hina, Bonaya akirudi akukute umependeza. Nikaishona mimi mwenyewe. Mishono yake ni mizuri kuliko yote niliyopata kushona.

Ijumaa iliyopita nikashindwa. Nilimkuta uani kwake, na kaka yake maalim wa chuo cha Kurani amekuja kumtembelea. Nikasema yote, nimesimama, bila kuvua viatu. Kopo, sajenti, hirizi, cheko langu. Maalim akasema inna lillahi. Habiba hakulia. Alimgeukia kaka yake akamuuliza jambo moja tu: "Eda naianza leo?"

Maalim akahesabu kwa vidole. Akarudia kuhesabu. Nikamwona anatafuta namna ya kulisema. Mwisho akasema eda ya mjane, ya kukaa bila pambo, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipopata habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita, dada. Eda yako imekwisha.

Habiba akaitazama mikono yake, hina bado iko kwenye kucha. Akainua uso. "Fundi," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "umenivika njano edani."

Ningependa angenipiga. Ningependa angeniita mbwa mbele ya majirani. Nikafungua mdomo niombe radhi, akanikatiza kwa mkono. "Mimi radhi yangu ngoja kwanza. Mume wangu umemwita shifta mbele ya watu. Kamtoe jina hilo mbele ya watu." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi kesho sajenti anakuja kuchukua nguo zake. Ni siku ya mnada wa ng'ombe, baraza litajaa. Nitamwambia yule mtu mliyempiga anaitwa Bonaya, mvuvi, mume wa Habiba, na ile fimbo ilikuwa ya kuvulia, na vile vitu ni inzi, na mmoja wao nilimfunga mimi kwa mikono yangu. Nitayasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Naogopa sana, ndugu yangu. Mke wangu nimeshamkabidhi funguo za duka, akazifunga kwenye pindo la nguo yake.

Nitamwomba anionyeshe ulipofukiwa. Akinionyesha, nitakusalia papo hapo. Akinichukua, maalim ameahidi watakusalia msikitini bila maiti, kwa jina lako kamili, ilimradi niwe nimeshalitaja.

Kwaheri, walaal, ndugu yangu. Usinisamehe kwanza. Ngoja upite mnada.

Noor