Kisanduku Cheusi Kwenye Tangi la Samaki

Fundi, mjukuu wangu,

Pampu nimeizima. Usiiwashe kabla hujasoma hadi mwisho. Matambara yaliyolowa yako bafuni, yaanike. Samaki wote wazima.

Asubuhi jani moja tu liliziba vitundu vya kisanduku chako cha kupokea maji yanayozidi. Maji yanayopandishwa na pampu yakakosa pa kwenda, yakamwagikia sare niliyokuwa nashona. Nimepiga deki hadi kiuno kinalia. Juzi nilikwambia njia moja ya maji haitoshi, ukasema, "Bibi, bomba la pili litaharibu sura." Haya, sakafu ndiyo yenye sura sasa.

~~Tangi lote liondoe hapo dirishani.~~ Liache. Ila hicho cheusi king'oe. Tengeneza chembamba cha kioo kinachopitisha mwanga, ukibane kwenye pembe ya ukutani, nyuma ya majani. Vitundu viwe kama meno ya kitana. Bomba la akiba mdomo wake uwe juu kidogo ya ule wa bomba la kwanza, ili hilo likiziba maji yapite humo. Nani ataliona huko?

Wiki nzima nimenuna, ukadhani sipendi kazi yako. Naipenda. Lakini mwanga unaopita kwenye maji hayo ndio ulionibakia wa kutia uzi sindanoni, nawe umeuziba kwa hicho cheusi. Taa hainisaidii tena.

Karatasi hii nimeikunja chini ya kopo la chakula cha samaki, kwa kuwa hakuna anayeligusa ila wewe. Itie mfukoni. Mama yako akijua macho yangu yamefika hapo, ataninyang'anya cherehani.

Niko kwa jirani, namalizia sare dirishani kwake.

Bibi yako