Uji wa Kapteni

Kampala, 9 Juni 1975

Kwako Dada Rahima,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, goti la Mama limepata nafuu, mashaka ni juu yako na shemeji huko Mombasa. Barua hii anakuletea Bi Kaltumi mkononi. Posta siku hizi siiamini. Bahasha hufika zimefunguliwa na kubandikwa tena.

Kazi yangu ya maabara unaijua: natia matone ya dawa, naangalia chini ya taa ya zambarau, na penye zinki, ambayo ikizidi ni sumu, huwaka kijani. Mwezi uliopita kapteni mmoja alitapika kutwa nzima, sajini akatuletea uji wake. Ukawaka, Dada, kama macho ya paka. Nilitaka kupima tena, sajini akasema, "Wewe andika tu ile macho yako naona." Nikaandika. Siku hiyohiyo wakamchukua mpishi, mama wa Kiacholi aitwaye Aloyo. Sasa yuko gereza la Luzira, na wanasema atapigwa risasi.

Moyo haukutulia. Mpishi angepata wapi zinki? Nikamshuku Ocen, mwenzangu wa meza ya pili. Mkimya mno, ana viatu vipya, na kila nikiingia hufunga daftari. Nikaanza kuficha funguo, hata chai yake nikawa siinywi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Jumatatu iliyopita nikaamua kumnasa. Nikapima maji matupu tunayochanganyia dawa, nione alichotia. Yakawaka kijani kilekile.

Si Ocen, Dada. Chupa yetu kubwa ya maji safi ilipasuka siku mbili kabla ya uji ule kuletwa, na tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe hakuna pa kununua nyingine. Nikaleta ndoo mpya ya bati kutoka nyumbani, nikayaweka humo. Bati lile limepakwa zinki. Mimi ndiye niliyemfunga Aloyo, na naona haya kuandika hivyo.

Nilimweleza Ocen. Akanisihi ninyamaze, akasema wanajeshi hawapendi kuambiwa wamekosea, nami nina mama wa kumtunza. Lakini Aloyo ana watoto wanne. Leo asubuhi nimepeleka ripoti ya pili yenye jina langu kamili. Sajini ameisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza ninakaa nyumba gani. Nikamwambia.

Mama anasafiri na Bi Kaltumi. Anadhani anakuja kukutembelea wiki mbili tu. Mpokee, wala usimwambie neno mpaka upate habari zangu. Shemeji na watoto wape salamu zangu nyingi.

Ni mimi mdogo wako,
Maftah